Pua ya Ukoo Wetu

Babu yangu alikuwa mhunzi, na hakuna mkulima aliyewahi kumrudishia jembe kwa ubovu. Baba yangu alikuwa karani wa mahakama, akastaafu bila doa. Mimi nilifundisha hesabu mpaka chaki ikanikausha vidole. Sote tulirithishana pua moja, ndefu na iliyonyooka, na wa mwisho kuipata ni mjukuu wangu wa kike, fundi cherehani, ambaye kwa wingi wa maneno yake tulimwita Chiriku.

Pua hiyo ilianza kuziba. Kisha ikatoa magamba na damu, ikatanuka, ikawa ngumu kama gome la mti. Harufu ikafuata. Fundi hawezi kumpima mteja kifua akiwa mbali. Wateja wakawa wanaleta nguo kuukuu za kupimia na kuziacha mlangoni. Mwenyewe hakuinusa harufu hiyo. Aliisoma nyusoni mwa watu.

Hospitalini walikata kipande kidogo cha nyama ya pua mara mbili, na mara mbili maabara ikajibu kwamba haioni kitu ila uvimbe. Nao uvimbe ukazidi kupanda. Wakasema huenda ni saratani iliyojificha, na heri pua iondolewe kabla haijafika machoni.

"Kata pua uunge wajihi," Chiriku alinitania jioni ile, sauti ikimtoka kama ya mtu aliyefunikwa blanketi. "Ila pua ni ya kwenu, babu. Wakiikata, mmekatwa nyote, pamoja na mhunzi wako kaburini."

Sikucheka. Nilitoka nikauelekea ukuta wa uani, kwa kuwa sikutaka anione.

Siku ya kukubali upasuaji, daktari, mwanamke wa umri wa wanangu, alimchungulia kwa taa, akasita.

"Pua yenye ugonjwa kama huu haiwi safi hivi. Unatumia nini kabla ya kuja hapa?"

"Hatumii kitu," mkwe wangu, mamake Chiriku, alijibu upesi mno.

"Mama, sema," Chiriku akanong'ona.

"Mkwe wangu," nikasema, "nyumba yangu haisemi uongo."

Akaanza kulia. "Nisamehe, baba. Kila tukikaribia kuja namwosha kwa maji ya chumvi, namnywesha vidonge vya kuua vijidudu. Ningemleta binti wa nyumba hii ananuka, watu wakimbie benchi?"

Daktari aliweka taa chini. "Mama, umekuwa ukimfukuza mwizi kabla polisi hawajafika. Aache dawa zote, asioshe. Arudi baada ya wiki tatu, nikate ndani zaidi."

"Na kama ni saratani kweli?" nikauliza.

"Basi tutakuwa tumeipa wiki tatu, mzee. Sina neno la kukufariji."

"Tungoje," akasema Chiriku. "Pua haioti tena."

Wiki hizo simtakii hata adui. Alilala ameketi, mdomo wazi, pumzi ikikwaruza kama msumeno kwenye mbao mbichi. Uvimbe ukagusa mdomo wa juu. Mamake alisimama mlangoni na birika la maji ya chumvi, akalirudisha jikoni, akalichukua tena. Mimi niliyezoea kuomba kwa maneno yaliyopangwa, nilibaki nikihesabu pumzi zake.

Tuliporudi, benchi la hospitali lilitawanyika.

"Kuna panya amefia humu?" akauliza kijana mmoja, akijiziba kwa shati.

"Ni mjukuu wangu," nikajibu kwa sauti ya darasani. "Kitukuu wa karani, kilembwe wa mhunzi. Keti au sogea."

Chiriku akaniegemea. Kwa muda mrefu hakuwa amethubutu kumwegemea mtu.

Safari hii maabara iliwaona: bakteria waliojaa ndani ya seli zilizovimba kama mapovu. Skleroma, daktari akasema. Ugonjwa adimu wa pua, wa polepole, unaofanana na saratani lakini si saratani. Dawa zingemezwa kwa miezi mingi, na ungeweza kurudi. Pua haitakatwa, ila umbo lake la kale limekwenda.

"Basi pua ya ukoo imeishia kwako, babu," Chiriku akasema. "Itunze."

Nanyi vijana wa nyumba hii, sikilizeni, maana sitarudia. Mficha uchi hazai. Nendeni kwa daktari kama mlivyo. Mkinuka, nukeni, na mseme mlichomeza. Na atakayesogea benchi kumkimbia nduguye, asije kuniamkia.