Dakika Ishirini za Injini ya Feroz

Kwa miaka kumi na tisa tuliyokaa Toronto, mume wangu hakuwahi kunipeleka gereji. Kanisani ananipeleka, dukani ananipeleka, hata Brampton kwenye harusi za watu nisiowajua ananipeleka. Gereji, hapana. Kwa hiyo Ijumaa ile aliposimama mlangoni mwa jiko akasema, "Mama Abigael, kesho twende wote kazini," nilidhani homa imempanda.

"Nikafanye nini huko? Nikawapikie?"

Hakujibu. Alikuwa ameshageuka, akaenda zake kulala.

Ndiyo tabia yake, nikasema moyoni. Miaka miwili Polycarp alikuwa hanijibu. Unamwambia chakula kipo mezani, kimya. Unamwambia lifti ya jengo imeharibika tena, kimya. Na mimi sina moyo wa kumbembeleza mtu mzima; akinidharau nanuna, na kununa nimejaliwa. Mara nyingi nilimwambia akiwa amenipa mgongo, tena kwa sauti, kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Mungu anisamehe.

Lakini lililonikaa rohoni ni la Adelina, mdogo wangu. Alipofariki kule Bukoba simu ilinikuta jikoni, Polycarp yuko kwenye sinki ananawa mikono, maji yanamwagika. Nikamwambia, "Baba Abigael, Adelina ametutoka. Naomba twende wote tukamzike." Akafunga bomba, akajifuta mikono, akaenda kutazama mpira. Sikurudia. Kesho yake nikakata tiketi moja, nikaenda peke yangu. Msibani wakaniuliza shemeji yuko wapi, nikasema kazi zimembana. Tangu siku hiyo nampikia, namfulia, na simsamehe.

Basi Jumamosi nikavaa koti langu nikaenda naye, nimenuna vilevile. Kutoka kwetu Crescent Town mpaka Malvern, iliko gereji, hatukusemezana.

Gereji ni ya Shamil, Mwismailia ambaye wazazi wake walitoka Mwanza, na Kiswahili anakiongea kama sisi. Polycarp aliegesha gari nje, akazima, asishuke. Mikono yote miwili ilibaki kwenye usukani.

"Masikio yangu yamekufa," akasema.

"Yamekufaje?"

Alikuwa ananitazama mdomo. "La kulia halina kitu kabisa. La kushoto linasikia mtu akiwa karibu sana. Ukinitazama nasoma midomo. Ukiwa nyuma yangu sina habari nawe."

"Tangu lini?"

"Miaka mitatu. Labda minne."

Mimi nikishikwa na hofu hutoka kama hasira, sijui nani aliniumba hivyo. "Na ukanyamaza! Mficha maradhi kifo humuumbua, kwenu hawakukufundisha?"

"Fundi asiyesikia injini ni fundi gani, Asumpta?" akasema, na machozi yakamtoka. Mume wangu ana miaka sitini na miwili. Hata mama yake alimzika kwa macho makavu.

Akanieleza yote palepale. Magari mawili yalikuwa yamerudi mwaka huu yakiwa na kelele ambazo fundi yeyote angezisikia. Shamil alimwambia kwa heshima zote kwamba hii injini ya mzee Feroz ndiyo ya mwisho kuivumilia. Ikirudi na kelele, basi. Na nje ya ile gereji hakuna atakayemwajiri fundi wa umri wake, hilo tulilijua wote wawili.

Mzee Feroz ni mfamasia mstaafu. Ana gari la Kimarekani la mwaka sabini, Chevelle, boneti ndefu kama kitanda. Alitaka injini yake itolewe, iingizwe kubwa zaidi ya rika lilelile. Wakaipata kwenye banda la mkulima huko Orangeville, imefunikwa turubai na kinyesi cha kuku. Miezi minne Polycarp aliifungua, akaisafisha, akaifunga upya, akabadilisha vishikizo na springi za mbele ili gari liweze kuubeba uzito ule. Leo ilikuwa inawashwa mara ya kwanza.

"Injini hizi za zamani," akasema, "ukishaweka kamshafti mpya, kile chuma kinachofungua vali, lazima uziungurumishe dakika ishirini bila kushusha, vyuma vizoeane. Ukizima katikati, kamshafti inaweza kulika, kazi inaanza upya. Lakini kama kuna kitu kinagonga ndani na usizime, inapasuka. Zamani ningeweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini sikioni, nikajua kila kinachoendelea humo. Leo sina sikio. Wewe ni mwalimu wa kwaya."

"Naijua sauti ya nne na ya kwanza, Polycarp. Injini siijui."

"Mtu akikosa nota unamjua hata akiwa mstari wa nyuma. Ukisikia ko, ko, ko, chini kabisa, inua mkono. Kukiwa salama weka mkono kifuani. Na Shamil asijue. Nakuomba."

Nilikuwa sijasikia neno "nakuomba" kutoka kwake kwa muda mrefu. Nikashuka garini.

Shamil alinisalimia vizuri, shikamoo mama na maneno mengine, akadhani nimekuja kuona kazi ya mume wangu. Akaingia ofisini kwake penye dirisha la kioo. Polycarp akainama kwenye injini, kisha akaingiza mkono dirishani akageuza ufunguo, na lile dude likaamka.

Sijawahi kusimama karibu na kitu chenye sauti kama ile. Ilinipiga tumboni kabla ya kufika masikioni. Nikafanya ninachofanya kanisani: nikawatoa waimbaji mmoja mmoja. Feni, pembeni. Mkanda unaolialia, pembeni. Bomba la moshi, pembeni. Ikabaki sauti nene ya chini, nikaishika hiyo. Nikaweka mkono kifuani, nikatazama saa ya ukutani.

Dakika ya nne, salama. Dakika ya saba, salama. Kila mara Polycarp alikuwa ananitazama mkono, si uso. Na katikati ya kelele ile nikamwona Polycarp wa siku ile kwenye sinki, mgongo wake, maji yanamwagika. Kumbe hakusikia. Nilimwambia kifo cha mdogo wangu na hakusikia. Nikaegemea benchi la vifaa.

Dakika ya kumi na moja nikaisikia.

Kwanza nilidhani ni moyo wangu. Nikafumba macho. Ko, ko, ko, mahali pamoja, kama mtu anayebisha mlango kwa kidole kimoja. Nikafumbua macho. Shamil alikuwa kwenye simu nyuma ya kioo, akanionyesha dole gumba. Hakuna aliyeisikia ila mimi. Na Polycarp alikuwa anatabasamu. Dakika tisa tu zilibaki na mume wangu alikuwa anatabasamu.

Nikajiambia, Asumpta, ukiinua mkono huo unamnyang'anya kazi kwa mkono wako mwenyewe. Nikajiambia pengine ndivyo zilivyo hizi injini za zamani. Nikajiambia uongo wote nilioweza kuufikiria. Dakika nzima niliuacha mkono kifuani.

Kugonga kukanenepa. Nikamfikiria mzee Feroz katikati ya barabara kuu, malori mbele na nyuma. Nikainua mkono.

Polycarp akatikisa kichwa. Akanionyesha saa: nane zimebaki. Akanionyesha vidole vinane, akavikunja kama anayeomba. Nikainua mikono yote miwili, na nilikuwa nalia. Akazima.

Shamil akatoka ofisini anakimbia. "Fundi, mbona umezima? Kamshafti itakufa! Umesikia nini?"

Nikawahi mimi. "Amesikia inagonga. Amesema kuna kitu kinagonga."

Polycarp alikuwa ananitazama midomo. Uongo wangu aliuona wote. Angeweza kuuchukua, ulikuwa wake, nilimpa. Akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Sijasikia kitu, Shamil," akasema. "Mimi sisikii. Mke wangu ndiye aliyesikia."

Walimwaga oili, wakainyanyua injini kidogo, Shamil akalala chini mwenyewe na taa. Ilichukua mpaka saa nane mchana. Akatoka na boliti moja ya ndani ya injini kiganjani, imevutika, shingo yake nyembamba kuliko wenzake. Polycarp alielewa kabla hajaambiwa. Kuna spana ya kupimia, akanieleza, ukikaza mpaka kiasi chake inalia kach, unaacha. Yeye aliendelea kukaza.

"Ilinilia," akasema. "Sikuisikia."

"Mngechelewa kidogo ingetoboa injini," Shamil akasema. "Chuma cha kati, kile kinachozungushwa na pistoni, kimeanza kuchimbika mstari. Mwembamba, kama uzi. Ingezimwa dakika moja kabla kisingeguswa."

Ile dakika moja sijamwambia mtu mpaka leo.

Shamil alikaa juu ya tairi, kichwa chini. Ni mtu mwema, na mtu mwema akiwa na neno baya la kusema hutazama sakafu. Akasema taratibu kwamba fundi amefanya kazi ya miaka mingi, kwamba injini ataimalizia mwenyewe, kwamba fundi apumzike sasa, asirudi Jumatatu. Yote hayo aliiambia sakafu.

Polycarp akanigeukia. "Amesema nini?"

Nilimtazama Shamil ili ainue uso amwambie mwenyewe. Hakuinua.

"Amesema upumzike," nikasema.

"Mpaka lini?"

Nikamsogelea, nikamwekea midomo mahali anapoweza kuiona vizuri. "Usirudi, Baba Abigael. Amesema usirudi."

Akaitikia kwa kichwa. Akakusanya vifaa vyake kwenye sanduku, kila kimoja mahali pake, bisibisi ndefu ya mpini wa mbao ya mwisho. Nikambebea upande mmoja wa sanduku mpaka garini, lilikuwa zito sana.

Akaketi kwenye usukani. Nikafungua mlango wa mbele, nikasita. Huku dereva anakaa kushoto, anayekaa pembeni yake anakuwa kulia kwake. Miaka yote hiyo, kwenda kanisani na kurudi, kwenda Brampton na kurudi, nilikuwa naongea na sikio lililokufa na kununa kwa kutojibiwa. Nikaufunga mlango ule, nikaenda kukaa kiti cha nyuma, nyuma yake hasa, kama abiria wa teksi.

"Unafanya nini huko?" akauliza.

Nikainama kati ya kiti na dirisha mpaka mdomo wangu ukagusa sikio lake la kushoto.

"Adelina ametutoka," nikasema. "Naomba twende wote tukamzike."

Alikaa kimya. Safari hii nilijua si dharau.

"Nilisikia kwa Abigael," akasema baadaye. "Wewe ulikuwa tayari uko angani. Nikakuta risiti ya tiketi mezani. Moja. Nikajua hukutaka niende nawe." Akaushika usukani. "Ulikuwa umesimama wapi uliposema?"

"Nyuma yako. Kwenye jiko."

"Sema tena."

Nikasema tena, polepole, neno kwa neno, pale nje ya gereji ya Shamil, na mabega yake yanatetemeka mbele yangu. Adelina alikuwa na miaka miwili kaburini.

"Twende wote," akasema.