Klarineti ya Mpingo Yagoma Mgeta

Uongo wa Kasimiri ulikuwa mdogo tu. "Klarineti ya mbao? Padri, hiyo naijua nje ndani."

Kumbe miaka kumi na minne katika bendi ya kiwanda alipuliza ya plastiki, mpaka kiwanda kikauzwa na bendi ikafa pamoja na ajira. Tangu hapo alikuwa akiuza mitumba soko la Mafiga, roho ikimuuma kila aliposikia muziki kanisani. Sasa parokia ilikuwa imepata klarineti mpya ya mpingo, na Padri Leonard hakumung'unya maneno: ataipiga kwanza Mgeta, kwenye jubilei ya masista. Ikirudi salama, ni yake kila Jumapili. Ikiharibika, hakuna nyingine.

Yeye na wanakwaya walipanda milimani kwa lori la mboga lililokuwa likirudi tupu, na vumbi likapenya hadi ndani ya sanduku. Asubuhi ya sherehe Kasimiri akafanya alivyozoea kwa ile ya plastiki: akaviosha vipande kwa maji ya bomba, akavifuta juu juu, akaanza kuunganisha. Kipande cha juu kikaingia nusu ndani ya cha chini, kikagoma. Akasukuma, wapi. Akavuta, wapi. Mbao ilikuwa imekunywa maji ikavimba, na ilibaki saa moja tu misa ianze.

"Lete huku," akaita Alois, mpiga ngoma, aliyekuwa jikoni akipasha ngozi za ngoma zake. "Ngoma ikilegea dawa yake moto. Na hiyo vilevile."

Mfa maji haishi kutapatapa. Kasimiri akachuchumaa, akaisogeza klarineti kwenye makaa.

"We baba! Unataka kuipasua?"

Alikuwa Bibi Mwaisha, jirani aliyekuja kuwapikia masista. Mwiko bado ulikuwa mkononi.

"Shikamoo, bibi," akasema Kasimiri, akiirudisha klarineti nyuma.

"Marahaba. Marehemu baba yangu alichonga fimbo za mpingo kule mabondeni. Mpingo uliolowa ukiuonyesha moto, unalia paa! Hapo tena hakuna fundi."

Akaikausha, akaizungushia khanga kavu, akaipachika kwapani mwa Kasimiri. "Kaa hapo. Joto lako linatosha."

Akakaa, kama mgonjwa anayepimwa homa, wanakwaya wakipita na kucheka. Yeye hakucheka. Aliziona Jumapili zake zote zikimponyoka, na aibu ya ule uongo ikamchoma kuliko makaa.

Baada ya nusu saa Bibi Mwaisha akaichukua. Akazungusha kidogo kulia, kidogo kushoto, bila papara. Vipande vikaachana, vizima. Akachota mafuta ya figo ya mbuzi aliyechinjwa alfajiri, akapaka kwenye gome laini, kama la vizibo vya chupa, linalozunguka kiungo. "Haya, jaribu."

Kikaingia polepole mpaka mwisho. Kasimiri akashusha pumzi, machozi yakamlengalenga, na hakujali nani anamwona.

Siku hiyo alipiga mpaka masista wazee wakapiga vigelegele. Baada ya misa Padri Leonard akamjia, uso umechanua. "Kweli unaijua, Kasimiri!"

Angeweza kunyamaza. "Siijui, Padri. Nilikudanganya. Niliiosha kwa maji, na kidogo niichome. Bibi Mwaisha ndiye aliyeiokoa."

Padri akachukua sanduku tupu lililokuwa kwenye benchi, akamkabidhi.

"Basi itakaa kwako. Mtu wa namna hii akiiharibu, angalau nitaambiwa."