Nukta Anadai Mji

Mke wa fundi lifti alikuwa na duka la uchapaji: kompyuta mbili, mashine ya fotokopi, printa yenye kisirani, na kitambaa cheupe ukutani cha kupigia picha za pasipoti. Wateja walimwita Pini, kwa kuwa alikuwa mdogo wa umbo na karatasi aliyoishika yeye haikupotea.

Mbali na duka, Pini alikuwa na nchi ya pili. Iliitwa Mabonde Saba, nayo haifikiki kwa miguu. Ilikuwa gemu ya mtandaoni, ambamo watu wa kila pembe ya dunia huingia kwa wakati mmoja, kila mtu na mhusika wake, wakapigana na madude, wakajenga miji, wakagombana na kupatana. Pini alikuwa ameicheza miaka kumi na miwili, na aliongoza kikosi cha watu sita. Hakuwahi kumwona hata mmoja wao kwa macho, lakini alijua kwamba dereva wa lori huimba akiwa na hofu, na kwamba muuguzi hapendi kabisa kuulizwa kuhusu dawa siku yake ya mapumziko.

Shida ni kwamba Mabonde Saba ilikuwa inazeeka. Zamani ukiingia soko la bonde la kwanza unapigwa vikumbo. Sasa unasimama katikati ya soko hilohilo na kusikia kinu cha maji kikizunguka peke yake. Vijana walipenda gemu za dakika tano: piga, kufa, rudi darasani. Wengine walihamia gemu mpya zenye picha za kung'aa, wakacheza mwezi mmoja, wakachoka, wakahama tena. Kampuni iliyotengeneza Mabonde Saba ilikuwa na wafanyakazi mia mbili, ikabaki na wanne.

Mmoja wa hao wanne, mwanamke fundi wa programu, ndiye aliyewaandikia wachezaji wote. Alisema mwisho wa mwaka watafunga. Ila alikuwa amewaomba wakubwa wake nafasi moja, wakamkubalia: wachezaji wanaotaka waitafsiri gemu kwa lugha yao, na kila lugha itafunguliwa seva yake, yaani mtambo wake wa kuendeshea gemu. Seva itakayopata watu elfu tatu kila siku, siku thelathini mfululizo, haitazimwa.

"Elfu tatu!" dereva wa lori alisema siku hiyo. "Sisi tunaozungumza Kiswahili humu hatujazi hata basi."

"Basi tukawaite," Pini akajibu. "Hawaji kwa sababu hakuna anayewakaribisha kwa lugha yao."

Wakagawana mistari elfu ishirini na mbili ya maneno. Kila mmoja alikuwa na kazi yake ya mchana, kwa hiyo waliitupia mashine ya kutafsiri kwanza, kisha wakapitia harakaharaka. Na haraka haraka, kama ijulikanavyo, haina baraka. Pini alichapa kurasa zake dukani, akazipeleka nyumbani azipitie baada ya chakula cha mchana siku ya Jumamosi.

Nyumbani alikuwapo baba mkwe wake. Mzee huyo alisahihisha magazeti kwa miaka thelathini na minne, na alikuwa amekuja kukaa na mwanawe baada ya kupasuliwa nyonga. Yeye na Pini waliheshimiana mno, kiasi kwamba hawakuwa na la kuzungumza. "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu." Kisha kimya, kama watu wawili wasiojuana ndani ya lifti.

Jumamosi hiyo Pini aliingia jikoni na kuacha kurasa mezani. Mzee, ambaye hakuwahi kuona karatasi yenye maandishi akaipita, akavaa miwani. Akasoma:

*Muue bosi akiwa peke yake. Chukua mali zake yote. Usimwamshe mlinzi. Rudi kijijini upewe zawadi.*

Akasoma tena. Akaingia chumbani, akafunga mlango, akampigia mwanawe simu.

"Bosi wako ni mzima?"

"Mzima, baba," fundi lifti alijibu akiwa kazini. "Ametoka kunigombeza sasa hivi. Kwani vipi?"

"Njoo nyumbani. Usimpitie mtu, usimwambie mtu."

Fundi lifti alifika na ovaroli lake, jasho linamtiririka. Mzee akawakalisha wote wawili kwenye kochi, akaweka ukurasa mezani kama hakimu anayeweka kielelezo.

"Mimi ni mgeni katika nyumba hii," alianza, "lakini damu ya mtu haipotei bure. Nani kaandika haya?"

Pini alitazama ukurasa, akamtazama mumewe, na kicheko kikamtoka kabla hajakizuia. Mumewe naye akaangua. Walicheka mpaka wakaegemeana, na mzee akawatazama kama anayetazama nyumba ikiungua. Ilimchukua Pini nusu saa, na kompyuta iliyowashwa, kumweleza kwamba bosi ni dude kubwa linaloishi pangoni, na kwamba hakuna atakayefungwa.

Mzee akauchukua tena ukurasa. Kisha akasema, "Na hata kama ungekuwa ujambazi wa kweli, ndiyo uandike 'mali zake yote'? Ni 'mali yake yote' au 'mali zake zote'. Chagua moja, ufungwe nayo."

Akaomba kalamu nyekundu.

Ndivyo ilivyoanza. Asubuhi iliyofuata alikuwa amemaliza kurasa arobaini, na hazikuwa na mahali peupe. Mpiganaji anayetangulia mbele kupokea mapigo, mashine ilimwita "tangi", hata mtu angesoma "tangi letu limekufa" akadhani maji yamekatika. Mzee akamwita Kinga. Anayewatibu wenzake akamwita Tabibu. Na pale mchezaji anapokufa, mashine ilikuwa imeandika: *Umekufa. Bonyeza hapa kuzaa tena.*

"Huyu anayezaa ni nani?" mzee aliuliza. "Marehemu?"

Akakata mstari wote na kuandika maneno mawili: *Umeanguka. Inuka.*

Pini aliyasoma maneno hayo, akayarudia kwa sauti. Miaka kumi na miwili alikuwa ameanguka na kuinuka mle ndani, na hakuna aliyewahi kumwambia vizuri hivyo.

Kazi ikaenda mpaka walipofika Lango la Mafumbo, katika bonde la nne, ambapo sanamu ya jiwe huwauliza wapitao mafumbo. Mafumbo yenyewe yalichezea matamshi ya lugha nyingine, na kwa Kiswahili hayakuwa na kichwa wala miguu.

"Haya hayatafsiriki," mzee alisema. "Kitendawili hutegwa na mwenye lugha. Lakini siwezi kutega mahali nisipopajua. Nipeleke langoni."

"Baba, kufika langoni lazima ucheze."

"Kwani nimekataa?"

Jumapili mchana wakaketi sebuleni, kila mtu na kompyuta yake, fundi lifti akipiga pasi pembeni. Mzee aliingia Mabonde Saba akiwa na fimbo na joho la kahawia. Hakutembea hatua kumi, akakutana na bata bukini. Bata bukini ndiye adui mnyonge kuliko wote katika gemu ile, aliwekwa pale kwa ajili ya watoto.

"Samahani baba," Pini alisema kwa upole, "kama hutojali, naomba usogee nyuma kidogo, maana huyo ndege ana tabia ya—"

"Unasemaje, mwanangu?"

*Umeanguka. Inuka.*

Aliinuka. Bata akamwangusha tena. Mara ya tatu, dereva wa lori, aliyekuwa akisikiliza kwenye hedifoni, alishindwa kuvumilia.

"Kiongozi, ungesema 'rudi!' tu, mzee angekuwa hai."

"Ni baba mkwe wangu!" Pini alinong'ona.

"Haya. Basi atakufa kwa heshima zote."

Mzee alisikia. Akavua miwani, akaifuta.

"Gazetini," alisema, "mhariri mkuu wa mwisho niliyefanya naye kazi alikuwa msichana niliyemfundisha mimi mwenyewe. Saa ya kupeleka kurasa mtamboni alinipigia kelele, nami nilikimbia. Baadaye tulikunywa chai, akaniamkia. Humu ndani wewe ndiye mhariri mkuu. Usiniite baba. Niite walivyoniita kazini: Nukta."

Pini akageukia skrini. Bata bukini alikuwa anarudi, shingo imenyooka.

"Nukta!" akapiga kelele. "Nyuma!"

Mzee akaruka nyuma. Mdomo wa bata ukauma hewa. "Sasa piga!" Mzee akapiga, manyoya yakatawanyika skrini nzima, na sebule ikalipuka kwa shangwe. Fundi lifti, ambaye hakuwahi kusikia mtu yeyote akimpigia baba yake kelele, aliacha pasi juu ya shati mpaka likaungua.

Kuanzia hapo ule ukimya ukaisha nyumbani. Mezani walibishana juu ya mapanga na vituo vya mkato. Ilipofika wiki ya tatu walilifikia Lango la Mafumbo, na Nukta akalitazama muda mrefu.

"Wapitaji wakishindwa kujibu, inakuwaje?"

"Wanapigwa na radi."

"Radi ya nini? Aliyeshindwa kitendawili hupigwa radi wapi? Anatoa mji!" Akageuka kwa Pini, macho yanawaka. "Si ulisema humu vikosi vinamiliki miji? Sisi tulipokuwa wadogo tulitoa miji ya midomoni tu. Humu miji ipo!"

Pini akamwandikia fundi wa programu siku hiyohiyo: liondoeni sanamu, waacheni watu wategane wenyewe, na kikosi kitakachoshindwa kitoe mji wake kwa siku moja. Jibu lilikuja kesho yake. "Nimesoma mara tatu ili nielewe," mwanamke yule aliandika. "Nimeipenda. Ni kazi ya siku mbili."

Seva ya Kiswahili ilifunguliwa Jumamosi saa nne asubuhi. Pini alifungua duka kama kawaida, na Nukta akaketi kwenye kompyuta ya pili na mkongojo wake mapajani. Kona ya skrini ilionyesha idadi ya walioingia. Saa tano walikuwa mia moja na themanini. Saa sita, mia mbili na kumi.

"Nilisema hatujazi basi," dereva wa lori alisema, sauti imeshuka.

Nukta alimpeleka mhusika wake mpaka langoni, akajikohoza kana kwamba kuna atakayemsikia, akaandika mahali ambapo seva nzima inasoma:

*Kitendawili!*

Mteja aliyekuja kupigwa picha ya pasipoti akaacha kujitengeneza kola. Kisha, chini kabisa ya skrini, likatokea neno moja: *Tega.* Likafuata jingine. *Tega! Tegaaa! Tega mzee!* Yakamiminika hata mtu asiweze kuyahesabu.

*Mdogo kuliko chawa,* Nukta akaandika, *lakini akisimama yeye, wote husimama.*

Majibu yakaja kama mvua ya mawe. Askari wa barabarani. Taa nyekundu. Mtoto mchanga akilia. Mama mkwe. Kitufe cha lifti, alijibu fundi lifti kutoka kazini. Watu wakaanza kuwapigia simu ndugu zao, na ndugu wakaingia ili waje kujibu. Mia nne. Mia saba. Saa nane mchana walikuwa elfu moja na mia moja, na hakuna aliyepata, ingawa jibu lilikuwa limeandikwa kwa herufi kubwa juu ya kichwa cha mtegaji mwenyewe.

*Nipeni mji,* akadai.

Kikosi kimoja kikampa mji wa Jiwejeupe. Nukta akauingia kwa maringo. *Nimefika Jiwejeupe, nimepokelewa kwa ngoma, nimepewa kiti chenye mgongo, nimeulizwa jina, nikawaambia: mimi ni Nukta!*

Kelele zilizofuata, Pini alisema baadaye, zilisikika ingawa zilikuwa za maandishi.

Kisha mtu mmoja, asiyejulikana na yeyote kikosini, akaomba zamu. *Nina mtoto, chakula chake hula ukutani.*

Nukta alitafakari. Mjusi. Siyo. Mchwa. Siyo. Nyundo, msumari, chokaa, saa ya ukutani. Siyo, siyo, siyo. Mteja wa pasipoti alijaribu "kunguni". Robo saa ikapita, na Nukta akainua mikono. "Mpe Jiwejeupe," alimwambia Pini. Jibu likaja: *Simu!* Nukta akageuka polepole. Simu yake mwenyewe ilikuwa pale pale nyuma ya bega, imechomekwa ukutani, inashiba. Alicheka mpaka mkongojo ukaanguka, na mteja akapigwa picha akiwa bado na machozi ya kicheko, ikabidi irudiwe mara nne.

Si kila siku ilikuwa kama ile. Juma la pili watu walipungua hadi mia tisa, na Pini alikosa hamu ya kula. Lakini mabingwa wa kutega walianza kujulikana, madarasa yakashindana na madarasa, na wauguzi wa zamu ya asubuhi wakaunda kikosi kilichonyakua miji kumi na moja. Elfu tatu ilifikiwa siku ya ishirini na nne tangu seva ifunguliwe, na baada ya hapo haikushuka tena siku thelathini zote. Kampuni ikaandika: seva itabaki kwa miaka miwili ijayo, na wataongeza bonde la nane.

"Miaka miwili si milele," dereva wa lori alisema, ingawa sauti yake ilikuwa inaimba.

"Gazeti la leo ni la leo tu," Nukta akajibu, "na tulilisahihisha kila siku."

Jumatatu fundi wa programu alituma michoro ya bonde jipya, akaomba majina. Pini na Nukta wakaketi dukani, mchoro kati yao: mnyama mwenye vichwa viwili, kila kimoja kikidai ndicho cha mbele, vikigombana kutwa.

"Mwite Wifi," Nukta alisema.

"Nukta! Watu watadhani ni mtandao. Wakimkata kichwa watasema Wifi imekatika."

"Amekatika, mwanangu," alisema Nukta, akitafuta kalamu. "*Amekatika*. Ana uhai."