Aliyefumba Jicho Moja

Maneno yale yalimganda mama kama kupe: kwamba binti yake, mshona sare za shule, anamkonyeza mume wa tajiri wake mchana kweupe. Aliyeyaleta ni wifi yake, mtu asiyejua kuleta habari bila kuitia chumvi. Eti kila asubuhi binti akitunga uzi kwenye sindano hufumba jicho moja, na lile jingine amemkodolea yule bwana, ambaye ni mkata vitambaa na meza yake inatazamana na cherehani ya binti.

"Na macho yalivyomtoka siku hizi, wifi, kama ya chura. Anajua anachokitafuta."

Mama hakuuliza. Alivuta sigara nne jikoni, yeye wa moja kwa siku, na binti alipoingia akapokewa kwa kofi. Binti akasema macho yanawasha, kama yana mchanga. Akajibiwa kwamba mchanga huo ameuokota kwa waume za watu.

Tangu hapo nyumba haikukalika. Binti alikula chakula cha watu wawili na bado akakonda. Alitokwa jasho wenzake wakivaa sweta, mikono ikamtetemeka, moyo ukamwenda mbio hata akiwa amekaa. Mama aliyahesabu yote hayo kama ushahidi. Jumapili mchana alimkuta amelala, kope hazikufunga, weupe wa jicho uko nje, akaapa moyoni kwamba mtoto huyu hata usingizini anachungulia. Akawasha sigara nyingine palepale mlangoni.

Kisha binti akajipitisha sindano kidoleni, damu ikaharibu kola nyeupe sita. Tajiri wake akamwambia akachukue macho yake akayatumie kwao. Mama aliposikia kafukuzwa hakumpa pole. Alimshika mkono hadi hospitali, akataka apimwe mimba, ili aibu ijulikane moja.

Mimba haikuwapo. Daktari, mwanamke mkavu wa maneno, alimtazama binti shingoni, akamgusa koo, akainua kalamu.

"Unaona ngapi?"

"Mbili."

"Fumba jicho moja."

Binti akafumba, vilevile kama wifi alivyosimulia. "Sasa moja."

Mama alitafuta pa kutazama akakosa. Miezi mitano mtoto alikuwa akifumba jicho ili apate sindano moja ya kutunga.

Daktari alieleza kwamba tezi ya shingoni inafanya kazi kupita kiasi, na kinga ya mwili imemgeukia mwenyewe, inavimbisha nyama za nyuma ya macho na kuyasukuma nje. Si wengi wanaoupata ugonjwa huu kwa ukali hivi. Mshipa wa kuonea ukibanwa, rangi hufifia kwanza, kisha nuru inaweza isirudi. Kisha akanusa hewa.

"Nguo zake zinanuka sigara. Anavuta?"

"Havuti," binti akasema. Hakumtaja mtu.

"Ni mimi," mama akasema.

"Basi mama, moshi wako unauchochea ugonjwa. Na mmechelewa."

Wifi alikuja jioni ileile kuulizia mimba. Mama alimsimamisha mlangoni, hakumpa kiti.

"Wifi, ulimi wako ulitangulia, mkono wangu ukafuata. Wangu nimeukata. Nenda kaushughulikie wako."

Akafunga mlango. Pakiti ya sigara akaitumbukiza kwenye ndoo ya maji machafu, akachukua bahasha ya hospitali, akaandika nyuma yake, akaibandika mlangoni, upande wa nje, wapitao wasome:

Usivute sigara humu, wala dirishani, wala ukisema ni moja tu.
Usiseme macho yaliyotoka ni tabia.
Usimtie dawa ya macho ya kununua njiani.
Usimlaze bila kuinua kichwa kwa mito.
Usimwachishe vidonge vya tezi kwa kuwa leo ana nafuu.
Usingoje kesho akisema rangi zinafifia.
Usilete habari za watu hapa.
Usimpige mtoto kabla hujamuuliza anaona ngapi.