Koki Moja, Wakwe Wawili

Kijana alimpenda binti wa watu kwa moyo wake wote. Alisahau kitu kimoja tu, kidogo sana: mama wa binti ndiye fundi wa zamu ya asubuhi kwenye mtambo uleule wa kusafisha maji. Yeye kijana alikuwa fundi wa zamu ya mchana hapohapo. Basi, baada ya harusi, kila siku akawa anapokea kazi kutoka mikononi mwa mkwewe.

Mama mkwe alitaka tangi la maji safi lijae mpaka ukingoni. Kijana alitaka libaki na nafasi, maana umeme ukikatika kisha ukarudi, pampu husukuma maji kwa pupa na tangi hufurika. Lakini kumwambia mkwe kwamba anakosea? Thubutu!

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nimekuachia tangi limejaa vizuri."

"Ahsante sana, mama. Mikono yako ina baraka."

Akishaona kisogo cha mama kimetokomea getini, anaikimbilia koki ya kuingizia maji tangini na kuibana. Zamu ya usiku haikugusa kitu. Ilikuwa na usingizi wake wa kushughulikia. Asubuhi mama anakuta maji yameshuka, anaguna, anaifungua tena. Heshima ilidumu, ila maji yalipanda na kushuka kama joto la mgonjwa.

Ndipo meneja, mpenzi mkubwa wa mambo ya kisasa alimradi yasimtoe ofisini, alipoleta koki ya kujiendesha. Kitambuzi kilitundikwa juu ya tangi kipime kina cha maji, kisha kiiamuru koki ifunguke au ijifunge. Siku ya uzinduzi meneja alikuja na viatu vipya vya ngozi, akawasimamisha wakwe wote wawili kando ya tangi.

"Kuanzia leo mtambo unafikiri wenyewe," alisema. "Nyinyi ni kuangalia tu. Kukiwa na dharura, gurudumu la kufungia kwa mkono ni hili hapa."

Akawapa kisogo na kuanza kuwahutubia wageni. Hotuba ilikuwa ndefu, kama meneja alivyostahili.

Bahati mbaya, waliokifunga kitambuzi walikitundika juu kupita kiasi. Maji yalikuwa yamekaribia ukingo, chenyewe kikiyaona bado yako mbali, na koki ikazidi kujiachia. Kijana aliona. Mama mkwe naye aliona. Gurudumu lilikuwa katikati yao.

"Mama," kijana alinong'ona, "tafadhali funga."

"Mimi? Hapana, baba. Wewe ndiye mwenye nguvu."

"Siwezi kukutangulia, mama."

"Na mimi siwezi kukuaibisha mbele ya watu, mume wa mwanangu."

"Basi tushike pamoja."

"Pamoja na mkwe wangu? Hadharani?"

Maji hayakuwa na mkwe. Yalimwagika ukingoni, yakatiririka sakafuni na kumfikia meneja alipokuwa anatamka neno "ufanisi". Aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Wakwe wakalivamia gurudumu kwa mpigo, vichwa vikagongana, koki ikafungwa.

"Mlikuwa mnaangalia nini?" meneja alifoka, soksi zikichuruzika.

"Ulisema tuangalie tu," alijibu mama mkwe. "Tumeangalia."

Kijana alicheka. Hakukusudia, kicheko kilimponyoka tu. Mama mkwe akamtazama, kisha naye mabega yakaanza kumtikisika.

Kesho yake kitambuzi kilishushwa, na tangu hapo koki ikafanya kazi bila kosa hata moja, jambo lililowauma wote wawili. Kwa kukosa cha kubana na kufungua, ikabidi waanze kuongea.

"Kumbe ni wewe uliyekuwa unashusha maji yangu," mama mkwe alisema mchana mmoja, badala ya salamu.

"Ni mimi, mama. Ulikuwa unajaza kupita kiasi."

"Mkaidi mkubwa wewe!"

"Kama mwanao, mama."

Mama mkwe akavuta kiti, akakaa. Zamu yake ilikuwa imekwisha, lakini ubishi ndiyo kwanza ulikuwa umeanza.