Mshale wa Mia na Thelathini na Nne

Bajeti ya kliniki ya meno iliandikwa kwa penseli, maana shangazi aliamini kalamu ya wino humtia mtu kiburi. Ndiye aliyemlea daktari tangu akiwa na miaka sita, na sasa alikuwa ameyatoa mafao yake yote ya kustaafu. Sharti lake lilikuwa moja tu: siku ya kufungua, mgonjwa wa kwanza awe yeye. Alikuwa na gego bovu. Alikuwa pia na kisukari, na kidonda kidogo cha mguuni kiliwahi kumlaza miezi miwili.

"Na nikisikia maumivu," alisema, "nadai hela yangu yote."

Walicheka. Kisha kiti cha wagonjwa kikala nusu ya fedha. Ikafuata kodi ya miezi sita, mabomba, taa, kibali. Walipofika kwenye mashine ya mvuke, ile ya kuulia vijidudu kwenye vifaa, penseli ilisimama. Mpya ilikuwa haishikiki.

"Tafuta iliyotumika," shangazi alisema. "Hata mimi nimetumika, na bado nadunda."

Daktari aliipata kwa mjane wa daktari mwingine wa meno. Ilikuwa inang'aa, na bei yake ya kutupa. Alipouliza kwa nini marehemu alifunga kliniki yake, mjane aliendelea kufuta vumbi ambalo halikuwepo.

"Wagonjwa waliacha kurudi," alisema. "Mmoja mmoja. Hatukujua kwa nini."

Hapo mtu mwenye akili zake angeaga. Lakini ile bei ilimziba masikio. Aliporudi nyumbani alifuta kwenye bajeti na mstari wa karatasi za kupimia, zile zinazogeuka nyeusi mvuke ukiwa na moto wa kutosha. Pembeni akaandika: mwezi ujao.

Asubuhi ya kufungua alivitia vifaa mashineni. Mashine ikanguruma, mshale wa joto ukaonyesha nyuzi mia na thelathini na nne, naye akashusha pumzi. Muda ulipotimia alivuta trei, na kipande cha karatasi kikadondoka kutoka nyuma yake. Kilikuwa kipimo cha mvuke cha yule marehemu, kilichosahaulika humo. Kilikuwa kimepita kwenye mvuke huo huo wa leo, na bado kilikuwa cheupe.

Akaligusa koleo la kung'olea. Lilikuwa vuguvugu tu, kama chai iliyosahauliwa mezani. Akachomoa waya wa umeme ukutani, akangoja. Mshale haukushuka; ulikuwa umekwama. Aliogopa, na aibu ikamzidi hata hofu.

Shangazi aliingia na gauni lake la harusi za watu, akajilaza kwenye kiti.

"Mbona umeganda?"

"Shangazi, leo nikuangalie tu. Tung'oe wiki ijayo."

"Thubutu! Hapo nje wamekaa watu wanne wanasubiri kuona nitatokaje. Ukiniahirisha mimi, wao utawaona tena?" Akamtazama vizuri. "Kwani vifaa hujavichemsha?"

Daktari aligeuka. Waya ulikuwa bado umelala sakafuni, na mshale ulikuwa pale pale, mia na thelathini na nne.

"Nimevichemsha," alisema.

"Basi sina wasiwasi, mwanangu."

Shangazi akafumba macho, akapanua kinywa.