Maji ya Bi Croxton Yanasoma Sifuri

Wiki ya sita bila mvua, tangi langu la mwisho lilibaki na maji ya kuosha nyumba mbili tu. Hapa Hebblethorpe tunailalamikia mvua miezi kumi na moja, halafu ikikosekana mwezi mmoja tunajiona tumedhulumiwa. Kampuni ya maji ilikuwa imeshapiga marufuku mipira ya bomba. Majirani ambao hawakuwahi kusalimiana walianza kuchunguliana bustani, na aliyesikia maji yakitiririka upande wa pili wa ua alipiga simu kushtaki. Mimi nilishtakiwa mara nne, ingawa maji yangu hayatoki bombani.

Kazi yangu ni kuosha madirisha. Nina ufito mrefu wenye brashi juu, maji yanapanda ndani yake. Nasugua, nasuuza, naondoka. Sifuti. Kioo kinakauka chenyewe, kwa hiyo chochote kilichomo kwenye maji kinabaki kwenye kioo. Ndiyo maana nakinga mvua kwenye paa la banda langu, naipitisha kwenye kitambaa, kisha kwenye mkaa, kisha kwenye mtungi wa chenga zinazonasa chumvi. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa kuharibu madirisha ya nyumbani kwangu miaka miwili, na mke wangu Doreen hajasahau.

Nusu ya kazi yangu ilikuwa mtaa mmoja, Larchfield Close, nyumba kumi na nane zilizopangwa mviringo. Mwenyekiti wa kamati ya wakazi alikuwa Bi Philippa Croxton. Jumamosi ile walikuwa wanakuja waamuzi wa shindano la mtaa unaopendeza, kwa hiyo Jumatano akaniita.

"Bwana Ogden, nasikia umeishiwa."

"Nimebakiwa na ya nyumba mbili, Bi Croxton."

"Basi tumia yangu. Lita elfu tano, ziko chini ya ardhi. Mvua tupu, na imeshachujwa. Mtambo umetoka Ujerumani."

Akafungua mfereji, nikakinga kikombe. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya majani yaliyochemshwa mara ya pili. Nikayanusa. Nikatazama juu. Njiwa kama thelathini walikuwa wamepanga mstari kwenye paa lake, wakitutazama. Anawalisha mwenyewe, asubuhi na jioni.

"Pima," akasema.

Nikatumbukiza kipimo changu cha maji. Kikasoma sifuri.

"Umeona!"

"Kipimo hiki kinahesabu chumvi tu, Bi Croxton. Njiwa hakiwahesabu."

"Njiwa gani?"

"Hao wa juu ya paa."

Akatabasamu, lile tabasamu ambalo huku kwetu hutumika kumfungia mtu mlango. "Bwana Ogden, sifuri ni sifuri."

"Niruhusu niyapitishe kwenye mkaa wangu. Nusu siku tu."

"Yameshachujwa, nimekwambia. Sasa kama unaona tabu, yupo kijana mwosha madirisha wa Skelby ameniachia kadi yake. Kamati italazimika kumfikiria. Kwa masikitiko makubwa, bila shaka."

Nilipomweleza Doreen, aliweka sufuria chini.

"Lita elfu tano za mavi!"

"Si yote. Mengine ni maji."

"Usiniletee upole wako hapa, Clifford. Miaka ishirini na mbili jina letu liko ubavuni mwa gari."

"Nitaanza na nyumba yake, mbele yao wote. Yakikauka wataona wenyewe."

"Watu wa Larchfield waone? Hao nyumba ikiungua watasifia mwanga wake."

Ijumaa asubuhi niliosha dirisha lake kubwa la mbele kwa maji yake. Wakazi walikuja na vikombe vyao vya chai kutazama. Jua lilikuwa kali, kwa hiyo hatukusubiri sana. Michirizi ya kahawia ilianza juu ya fremu ikashuka mpaka chini, kama mtu aliyelia akiwa na wanja. Baadaye ikaja harufu. Mbwa mmoja akapiga chafya.

Kila mtu akainamia kikombe chake. Tumelelewa hivyo. Kumwambia mtu kwamba dirisha lake linanuka ni aibu kubwa kuliko kunuka kwenyewe. Siwalaumu, maana mimi mwenyewe nimewahi kula keki mbovu mpaka kipande cha pili.

Hatimaye Bwana Neville Pickersgill, daktari wa meno mstaafu wa nyumba namba tano, akakohoa kidogo.

"Lina... lina joto fulani."

"Kweli," akadakia mwingine. "Haling'ai kupita kiasi."

"Vioo vinavyong'aa sana vinakuwa kama vya duka la viatu."

Nilikuwa namtazama Bi Croxton. Aliona. Kwa muda wa pumzi moja aliona kila kitu, mchirizi kwa mchirizi. Kisha akainua kidevu.

"Asili," akasema. "Hiyo ndiyo rangi ya asili."

"Na mimi nifanyie hivyo hivyo," akasema Bwana Pickersgill. Wa pembeni yake naye akataka. Kabla chai haijapoa, nyumba zote kumi na saba zilizobaki zilikuwa zimeomba mavi ya njiwa.

Nilishika ufito wangu. Nikikubali, nusu ya kazi inabaki mikononi mwangu, na kila dirisha lililochafuka litakuwa nimelichafua mimi. Nikikataa, mtaa umekwenda. Nikafunga maji.

"Bi Croxton," nikasema taratibu, "hayo ni mavi ya njiwa."

Walishtuka kweli. Lakini hawakushtushwa na mavi. Walishtushwa na neno.

"Hapakuwa na haja ya lugha hiyo, bwana," alisema Pickersgill, masikio yamemwiva.

"Kamati inakushukuru kwa miaka yako yote," alisema Bi Croxton.

Kijana wa Skelby alimaliza nyumba zote siku ile ile. Jumamosi waamuzi walikuja. Nao ni watu wa huku huku. Wakazunguka, wakapiga chafya, wakaandika kwamba mtaa una utulivu wa kizamani, wakatoa zawadi ya kwanza.

Jumanne simu ikalia. Sauti ilikuwa ya kunong'ona.

"Ogden? Pickersgill hapa. Unaweza kuja unioshee jikoni? Pitia nyuma, tafadhali. Mke wangu hawezi kula."

"Kwa maji gani?"

"Yako, bwana wewe! Yako!"

"Na mbele?"

"Mbele paache. Kamati itaona."

Doreen alikuwa amesimama karibu, anatikisa kichwa kabla sijajibu. Nikamwambia Bwana Pickersgill kwamba sioshi nusu ya nyumba. Akasema atalifikiria, akanitakia siku njema.

Wiki ile walipiga wengine tisa, kila mmoja akiniomba nisiwaambie wenzake. Niliwajibu wote vivyo hivyo. Wote walisema watalifikiria. Mvua imesharudi na tangi zangu zimejaa, lakini Larchfield bado wanafikiria, madirisha yamefungwa na mapazia yameshushwa.